Mbuzi wa Mashavu na Punje Elfu Arobaini na Mbili

Tulieni basi, na mwenye kiu anywe maji sasa hivi, maana habari hii ikishaanza haipendi mtu wa kuinuka-inuka.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Siwema binti Ngwali, msusi wa mikeka, mwenye macho ya kuona na ulimi wa kuuliza bei. Siku moja alijitwika mikeka yake minane akaenda kuiuza nchi ya Marudio. Njia aliyopita tuiache. Njia ni vumbi na miguu kuuma, nani asiyejua. La maana ni kwamba alifika, na langoni akapokewa vizuri kuliko alivyopata kupokewa popote, hata kwa wakwe zake. Kabla hajatua mzigo, bawabu alikwisha kumvisha kikuku cha bati mkononi.

"Hiki nini, bwana?"

"Kikuku cha marudisho, mama. Kila utakachonunua humu nchini, utarudishiwa."

"Nitarudishiwa nini?"

"Sehemu."

"Sehemu gani?"

"Sehemu yako, mama."

"Na bei yake kikuku?"

"Mwaka wa kwanza ni bure."

"Na wa pili?"

Bawabu akamtazama kwa huruma. "Mama, wewe umekuja mwaka wa pili, au umekuja leo?"

Siwema akaingia na kikuku chake.

Nchi ya Marudio haina sarafu. Watu hununua na kuuza kwa mtama, kwa pishi na kibaba, vibaba vinne pishi moja. Na kwa kila pishi moja mtu anayotumia, kama amevaa kikuku, Ukumbi wa Marudisho humwandikia punje hamsini. Sikusema konzi hamsini wala vijiko hamsini. Punje. Punje hizo humkalia huko Ukumbini mwaka mzima, na siku ya kulipa ada ndipo huhesabiwa mbele ya watu na kukabidhiwa mwenyewe, ngoma ikipigwa.

Siwema alifikia kwa mjane mmoja aitwaye Mashavu, mwenye nyumba ya vyumba viwili, ua wa makuti, na mbuzi mmoja jike. Mbuzi huyo aliitwa Tunu. Mweupe, sikio moja jeusi, kiwele kizuri. Mashavu alimkamua asubuhi na jioni, maziwa akayagandisha vibuyuni akauza sokoni, na tangu afiwe na mumewe hakuwa na riziki nyingine. Tunu ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemvisha.

Kuingia nyumbani kwenyewe kulikuwa kazi. Nyuma ya mlango palisimama mafagio kumi na moja, mapya, hayajagusa sakafu. Ukutani, kutoka chini hadi darini, vilipangwa vifuniko vya vyungu, Siwema akavihesabu akiwa bado amesimama na mzigo kichwani: thelathini na sita. Vyungu vyenyewe alivikuta jikoni. Viwili. Kimoja kina ufa.

"Dada yangu," akasema Siwema, "naona vifuniko."

"Mwezi wa Vifuniko huo!" Mashavu akajibu kwa fahari, akipangusa kimoja kwa ncha ya kanga. "Kila mwezi Ukumbi unatangaza kitu kimoja, ukikinunua unarudishiwa mara tatu. Hamsini inakuwa mia na hamsini. Ulikuja Mwezi wa Vifuniko, ukaja Mwezi wa Mafagio, ukaja Mwezi wa Kamba. Kamba ziko chini ya kitanda."

"Na Mwezi wa Vyungu?"

"Ulitangazwa, lakini ulikuwa wa siku moja tu, nami nilikuwa naumwa."

"Na wa unga?"

Mashavu akacheka, akamwona mgeni wake ni mtu wa mzaha. "Unga hautangazwi, mwenzangu. Unga watu watanunua tu."

Siwema alikaa Marudio miezi mitatu, maana mikeka haikuwa imetangazwa na wanunuzi walikuwa wakisubiri itangazwe. Akaona mengi. Mwezi wa Mafagio uliporudi aliona mji mzima ukinywa uji usio na chumvi, kwa kuwa mtama wote ulikwenda kwenye mafagio. Na watu walifagia nyua zao mpaka mizizi ya miti ikatoka nje. Aliona mtu akienda kununua soko la mbali, akiwapita wauzaji watatu wa karibu, kwa sababu wale watatu hawaandiki punje, na njiani akinunua maji ya kunywa kwa kibaba kizima. Mtu huyo alirudi kachoka lakini kafurahi.

Tena alimwona shemeji.

Shemeji huyo ni Fumo, ndugu wa marehemu mume wa Mashavu, mtu mrefu mwenye kikuku cha shaba nyekundu. Cha shaba si cha bati. Ada ya cha shaba ni ng'ombe mzima kila mwaka, ila mwenye nacho ana ruhusa ya kuingia Baraza la Wasafiri, akae kwenye kiti chenye mto, anywe chai ya tangawizi bila kulipa, wakati akingoja safari yake. Fumo hakuwa na safari. Tangu azaliwe hakuwahi kuvuka lango. Lakini kila siku baada ya swala ya alfajiri alikuwa Barazani, na hakutoka mpaka avikamilishe vikombe kumi na viwili.

"Tumbo halikuumi, shemeji?" Mashavu alimuuliza siku moja.

"Linaniuma sana," akasema Fumo, akijishika kiunoni. "Usingizi nao sipati. Lakini ng'ombe wangu nimeshamnywa mpaka mabegani. Nikijikaza, mwisho wa mwaka nitakuwa nimemmaliza na mkia."

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka mpiga mbiu wa Ukumbi alipopita mitaani akiwa amevaa kanzu mpya na kutabasamu. Mtu wa Ukumbi akitabasamu zaidi ya kawaida, watu wa Marudio hufunga milango ya mabanda. Akasoma:

"Kwa furaha kubwa Ukumbi unawatangazia maboresho! Ili kuwahudumia vizuri zaidi, marudisho ya punje hamsini sasa yatakuwa punje thelathini, ambazo ni rahisi kubeba. Na ada ya kikuku cha bati, iliyokuwa kuku mmoja, sasa itakuwa mbuzi mmoja. Tazameni, ndugu zangu: ilikuwa moja, na bado ni moja!"

Watu wakapiga makofi kidogo, wakaingia ndani.

Mashavu hakupiga makofi. Alikwenda bandani akakaa kitako karibu na Tunu, na siku yake ya ada ilikuwa keshokutwa.

Jioni ile Fumo akaja, na wakakaa watatu uani, Mashavu akikamua, Siwema akisuka, Fumo akipiga mbweu za tangawizi.

"Sasa unafikiri nini, shemeji?" Fumo akasema. "Jambo lenyewe liko wazi kama mchana."

"Kwako wewe. Mimi nina mbuzi mmoja."

"Ndiyo maana nikasema liko wazi! Hebu hesabu na mimi. Leo una mbuzi. Maziwa unayapata bure bandani mwako. Kitu cha bure unarudishiwa punje ngapi?"

"Hairudishwi hata moja."

"Hata moja! Kila siku unakunywa maziwa ya hasara. Sasa mtoe mbuzi, kalipe ada. Kesho maziwa utayanunua. Kila ukinunua, punje. Ukinunua tena, punje. Mbuzi huyu, shemeji, ndiye aliyekuzuia kutajirika."

Siwema aliacha kusuka. Akamtazama mtu yule usoni aone kama anacheka. Fumo hakuwa akicheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayemhurumia ndugu yake.

"Na huo mtama wa kununulia maziwa," Siwema akauliza, "ataupata wapi, ikiwa anayoyauza ni maziwa?"

"Mgeni," Fumo akasema taratibu, "hayo ni mambo ya matumizi. Sisi tunazungumza marudisho."

Alipokwisha kwenda zake, Mashavu alifunika kibuyu, kwa kifuniko kizuri ajabu, akasema kwa sauti ya chini: "Si kwamba sijui, dada. Lakini kikuku hiki alinivisha marehemu kwa mkono wake, mwaka ule wa bure. Miaka kumi na moja sijakivua. Asiye na kikuku hapa anaitwa Mkono Mtupu, hata kwenye harusi anakalishwa karibu na jiko. Na ukikivua huruhusiwi kukivaa tena mpaka miaka saba ipite. Na mwaka huu, Siwema, nina punje elfu arobaini na mbili. Elfu arobaini na mbili! Sijapata kuwa na kitu chochote elfu arobaini na mbili."

"Ni kiasi gani, zikiwa pamoja?"

"Nimekwambia kiasi gani."

"Nauliza zikiwekwa kwenye chungu. Zinajaa wapi?"

Mashavu akatazama pembeni kama aliyeulizwa jambo la aibu. Ikabidi Siwema afundishwe sheria ya nchi. Marudio wana mizani mbili. Kinachorudi huhesabiwa kwa punje. Kinachokwenda huhesabiwa kwa kichwa. Hivyo viwili haviwekwi pamoja hata siku moja. Ni kukosa shukrani, na faini yake ipo. Hata Ukumbi umejengwa hivyo. Mlango wa mbele, wenye ngoma na mabua ya mtama yaliyofumwa, ndio mtu huingilia kupokea punje zake. Mlango wa nyuma, wa uani, ndio ada hupelekwa kwa kamba, kimya kimya, na ndugu au jirani, ili mwenyewe asiharibiwe furaha. Hakuna mtu wa Marudio aliyepata kuziona punje na ada kwa wakati mmoja.

"Basi kuna nini hapo?" Mashavu akamalizia, akimkuna Tunu lile sikio jeusi. "Nimeamua. Nitabaki. Ila mimi siwezi kumpeleka huko nyuma. Miguu itanikatika. Nisaidie wewe, dada. Unishikie kamba tu."

"Nitakushikia kamba," akasema Siwema.

Siku ikafika. Mashavu alioga, akavaa kanga mpya za Mwezi wa Kanga, akaingia mlango wa mbele. Siwema akazunguka na Tunu mlango wa nyuma.

Uani kwa Ukumbi kulikuwa na mbuzi wapatao arobaini wamefungwa kwenye boriti moja ndefu. Wengine walikuwa na ushanga shingoni bado, wa kwao. Karani wa uani hakuuliza jina la yeyote. Alichora mstari mmoja kwa kila mbuzi, akasonga. Siwema akasimama foleni. Kutoka ndani zikasikika ngoma, halafu sauti ya Karani Mkuu, Bwana Shungi, anayejulikana kwa sauti nzuri, akiwauliza watu maswali matatu ya kila mwaka.

"Umerudishiwa, Bi Mashavu?"

"Nimerudishiwa."

"Ni nyingi?"

"Ni nyingi."

"Utabaki?"

Hapo Mashavu akachelewa kidogo. "Nitabaki," akasema, na sauti ikamkatika katikati.

Tunu alikuwa akiijua sauti ile tangu siku ya kuzaliwa. Akainua kichwa, akavuta. Mlango wa katikati ulikuwa umeegeshwa tu kwa ajili ya joto. Siwema angeweza kumzuia? Labda angeweza. Lakini aliahidi kushika kamba, naye kamba aliishika. Mbuzi akatangulia, yeye akafuata nyuma na kamba yake mkononi, wakatokea katikati ya Ukumbi mbele ya watu mia mbili.

Ngoma ikanyamaza.

Miguuni pa Mashavu palikuwa na chungu. Punje elfu arobaini na mbili, zilizohesabiwa na makarani sita kwa siku tatu, zilikuwa humo ndani, na hazikufika hata shingoni mwa chungu. Kama vibaba viwili hivi. Tunu alimnusa Mashavu mkono. Akanusa chungu. Halafu akaingiza mdomo.

"Mtoeni!" Bwana Shungi akapaza sauti. "Mtoeni huyo! Haviruhusiwi kuonana!"

Lakini nani amtoe? Walinzi wa mbele wanashughulikia mambo ya mbele, na mbuzi ni jambo la nyuma. Walinzi wa nyuma hawana ruhusa kuvuka kizingiti. Wakasimama kila upande wakitazamana na kuulizana kwa macho. Na katika Ukumbi mzima ikasikika sauti moja tu, ya mbuzi akitafuna.

Hakuchukua muda. Unaweza kusema ni muda wa mtu kukata kucha za mkono mmoja. Alikula marudisho ya mwaka mzima, akalamba chini, akalamba pembeni, chungu kikagonga sakafuni kikiwa kitupu. Kisha akainua uso, punje moja imemganda puani, akamtazama Mashavu akalia meee, vile anavyolia kila asubuhi akitaka chakula.

"Bado ana njaa," mtu mmoja akasema huko nyuma, polepole.

Mashavu akamtazama mbuzi. Akatazama chungu. Akamtazama mbuzi tena. Mabega yakaanza kumtikisika, Siwema akadhani analia, akamsogelea amshike. Kumbe mwanamke alikuwa akicheka, kicheko cha chini kilichokwama huko miaka kumi na moja.

"Bwana Shungi," akasema alipopata pumzi, "nimebadili jibu la tatu. Sibaki."

Bwana Shungi hakukasirika. Watu wa Ukumbi hawakasiriki ukitaka kuondoka. Ndipo hasa wanapokupenda. Akashuka jukwaani, akamshika mkono.

"Bi Mashavu, mama yetu wa miaka kumi na moja! Tunajua thamani yako. Kwa ajili yako wewe peke yako, na usimwambie mtu: ukibaki, tutakurudishia kamba ya mbuzi."

"Chukua, shemeji!" Fumo akapiga kelele kutoka viti vya wenye vikuku vya shaba. "Kamba nzima hiyo!"

"Kamba ninazo tisa," akasema Mashavu.

"Na ufagio."

"Ninao kumi na moja."

"Na kifuniko," Bwana Shungi akanong'ona, "cha udongo mwekundu, chenye kishikio."

Siwema aliona kitu hapo ambacho hakukisahau. Mashavu alisita. Mkono ulimwinuka kidogo, wenyewe, kama mkono wa mtu anayepewa kiti. Cha udongo mwekundu hakuwa nacho. Tunu akalia tena, meee, na mkono ukashuka ukakamata pembe.

Kikuku hakikutaka kutoka. Mkono ulikuwa umenenepa juu yake. Siwema akatoa kichupa cha samli, samli ya maziwa ya huyo huyo Tunu, wakapaka, wakazungusha, kikatoka na kuacha mstari mweupe. Mashavu hakukirudisha. Alisema ni cha marehemu, na marehemu hakuwa mtu wa Ukumbi. Akamfungia Tunu shingoni kwa uzi, na wakatoka kwa mlango wa mbele, watatu, kikuku kikigonga-gonga, na hakuna aliyewapigia ngoma.

Nanyi mtadhani watu mia mbili walioona kwa macho yao walifuata nyuma. Hapana. Walibaki wakajadiliana mpaka jua likazama, na baraza la wazee wa Ukumbi likakaa siku tatu. Wengine walisema kosa lilikuwa la mlango. Wengine walisema kosa ni la chungu, kingekuwa kirefu zaidi mbuzi asingefika. Mzee mmoja aliyeuliza kama huenda punje zenyewe ni chache aliombwa kwa adabu apumzike. Mwishoni ikapitishwa sheria mpya, ikatangazwa kwa furaha kubwa: kuanzia sasa, kila mbuzi wa ada aletwe akiwa ameshiba.

Mashavu aliitwa Mkono Mtupu, na kwenye harusi iliyofuata alikalishwa karibu na jiko, ambako alikuta pilau ni ya moto zaidi. Asubuhi akauza maziwa kama kawaida. Mnunuzi wake wa kwanza siku hizo alikuwa Fumo, aliyekuwa ameshauriwa na mganga aache tangawizi kabisa. Alikunywa maziwa yake wima, mlangoni, akalipa kibaba, akauliza:

"Unaandika punje, shemeji?"

"Siandiki."

"Hata moja?"

"Kunywa, shemeji. Tumbo litulie."

Siwema alipouza mkeka wa mwisho, akaaga. Langoni alikuta bawabu yule yule. Akanyoosha mkono, akavua kikuku chake cha bati, akakiweka mezani.

"Lakini mama," bawabu akasema, na macho yalimjaa machozi ya kweli, "mwaka wa kwanza haujaisha! Unatupa kitu cha bure?"

Siwema alisimama pale. Tuseme ukweli, alisimama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyeyaona aliyoyaona. Kisha akajitwika mzigo wake akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mzigo ulikuwa mzito kwa mtu aliyekwisha kuuza mikeka yote minane. Alipofika kwake aliufungua mbele ya dada zake, nao wakatazama, wakatazamana. Alikuwa amewaletea mafagio mawili, na chini yake, vimefungwa vizuri kwa majani makavu visivunjike, vifuniko vinne vya vyungu. Na chungu, Siwema anacho kimoja.